Blumlein na masikio mawili: neno kwa wanaorekodi muziki wa Kisii na Nyamira

Kila mara tunapofika kwenye somo la usikizi, wanafunzi wangu hunijia na swali moja. Je, hizi programu za kuchezea muziki kwenye simu na kompyuta, ambazo humfanya mtu aliyevaa hedifoni adhani kwamba amezungukwa na spika pande zote, zina ukweli wowote au ni kiinimacho tu? Wengine huuliza kwa mzaha, lakini wako wanaouliza kwa dhati, hasa wale wanaotoka Kisii na Nyamira ambao wameanza kurekodi muziki wa wazee wa kwao kwa simu, wakitumaini kwamba programu itautia baadaye ule upana ambao simu haikuunasa.

Jibu langu ni kwamba hiki ni kiinimacho chenye elimu ndani yake, na kwamba elimu hiyo ina mipaka yake. Anayetaka kuijua mipaka hiyo hana budi kuyajua maisha ya mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Dower Blumlein, aliyeaga dunia mwaka 1942 na ambaye leo wataalamu wa sauti ulimwenguni wanamtambua kuwa ndiye baba wa stereo. Nayasimulia maisha yake hapa kwa sababu yana funzo kwetu sisi ambao bado tuna muziki wa kuhifadhi, na ambao muda wetu wa kuuhifadhi si mrefu.

Blumlein alizaliwa tarehe 29 Juni 1903 katika mtaa wa Hampstead, London. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa Mjerumani wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmisionari wa Kiskoti aliyehudumu Afrika Kusini chini ya London Missionary Society. Tunaambiwa kwamba mtoto huyo alifika karibu umri wa miaka kumi na miwili kabla ya kuweza kusoma sawasawa. Jambo hilo linanigusa mimi mwalimu wa lugha, maana sisi tumezoea kuipima akili ya mtoto kwa wepesi wake wa kusoma tu. Hata hivyo alipoyapata maandishi, aliyapata kwa kasi: alisoma Highgate School, akaingia chuo cha uhandisi cha City and Guilds huko London, na mwaka 1923 akahitimu kwa daraja la kwanza.

Kazi yake ya kwanza, tangu mwaka 1924, ilikuwa katika kampuni ya International Western Electric, kwenye nyaya za simu za masafa marefu. Tatizo lililokuwa likiwasumbua wahandisi wa simu wakati huo ni mazungumzo ya waya mmoja kuvujia kwenye waya wa jirani, hata watu wawili wanaozungumza wakasikia maneno ya watu wengine wasiowahusu. Blumlein alipata njia za kuuzuia uvujaji huo. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwani tutakutana nalo tena mbele kwa sura iliyogeuzwa kabisa.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia. Kampuni hiyo ilitaka mtambo wake yenyewe wa kurekodi ili isiendelee kulipa ada za kutumia hataza za wengine, na Blumlein pamoja na wenzake wakaubuni mtambo huo. Mwaka 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company, ikazaliwa EMI, kampuni ambayo aliitumikia hadi kufa kwake.

Mwaka huo huo wa 1931 ndipo lilipomjia wazo ambalo limemfanya akumbukwe. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na Doreen Lane, binti aliyemwoa mwaka 1933. Filamu zilikuwa zimeanza kusema miaka michache tu kabla ya hapo, na ukumbi ulikuwa na spika moja. Mwigizaji alionekana upande mmoja wa pazia, lakini sauti yake ilitoka mahali palepale pa spika. Watazamaji wengine waliridhika, kwani kusikia picha ikisema kulikuwa muujiza wa kutosha. Blumlein hakuridhika. Alimwambia mchumba wake kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe atembeapo. Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza ambayo baadaye ilipewa nambari 394,325.

Ili tuuone uzito wa wazo hilo, tujiulize kwanza tunajuaje sauti inatoka wapi. Mtoto anayechunga ng'ombe kwenye miteremko ya Manga husikia kengele ya ndama aliyepotea vichakani, naye hugeukia upande ule bila kufikiri. Jibu liko katika masikio kuwa mawili na kuwa mbalimbali. Sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde. Ikitoka kulia, hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, na tofauti ya muda baina yao haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huipima tofauti hiyo bila sisi kujua. Aidha, kichwa chenyewe hutia kivuli, kwa hiyo sikio la mbali hupata sauti hafifu zaidi, hasa ile nyembamba. Tena mikunjo ya sikio la nje huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, na kwa mabadiliko hayo tunatambua kama imetoka mbele, nyuma au juu. Hatimaye, tunapogeuza kichwa, tofauti zote hizo hubadilika, na shaka iliyobaki hutoweka.

Blumlein hakuwa wa kwanza kujua kwamba masikio mawili yanahitaji njia mbili. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader aliwasikilizisha watu muziki wa jukwaani kwa simu mbili, moja kwa kila sikio, nao wakastaajabu kusikia waimbaji wakiwa mahali mbalimbali. Lakini mbinu ya Ader ilimfaa mtu aliyejibana simu masikioni peke yake. Ukichukua njia zile mbili ukazipeleka kwenye spika mbili ukumbini, mambo huharibika, maana kila sikio husikia spika zote mbili kwa pamoja. Blumlein alilitatua fumbo hilo. Alionyesha kwamba tofauti za muda zinazonaswa na maikrofoni mbili zilizokaribiana zinaweza kugeuzwa kuwa tofauti za ukubwa wa sauti baina ya spika mbili, na masikio ya msikilizaji, yakichanganya yale yanayotoka pande zote mbili, yatazipata tena zile tofauti za muda yanazozihitaji. Alieleza pia jinsi ya kuweka maikrofoni mbili mahali pamoja zikiwa zimepishana kwa pembe mraba, na jinsi ya kuandika njia mbili katika mfereji mmoja wa sahani ya santuri, kila njia kwenye ukuta wake. Hayo yote yalikuwa katika hataza moja, naye alikuwa na umri wa miaka 28.

Alipopata vifaa alifanya majaribio. Mwishoni mwa mwaka 1933, huko Hayes, yeye na wenzake walitembea mbele ya maikrofoni wakizungumza, huku sauti zao zikirekodiwa zikihama nao. Januari 1934, katika studio za Abbey Road, alirekodi mazoezi ya London Philharmonic Orchestra chini ya Thomas Beecham wakipiga simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka 1935 walipiga filamu fupi za majaribio, mojawapo ikiwaonyesha watu wakitembea huku wakisema, nyingine ikionyesha garimoshi katika stesheni ya Hayes. Rekodi hizo zipo hadi leo, na anayezisikiliza husikia chumba kizima, si mdomo mmoja ukutani.

Na baada ya hapo? Hapakuwa na soko. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na mtu ambaye hakuweza kununua santuri moja hangenunua vyombo vya njia mbili. EMI iliiweka stereo kabatini, ikampa Blumlein kazi nyingine. Akaingia katika televisheni, akawa miongoni mwa wabunifu wakuu wa mtambo wa mistari 405 ambao BBC ilianza kuutumia Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936, na ambao mwaka uliofuata ulichaguliwa badala ya ule wa John Logie Baird. Vita vilipozuka, akaingizwa kwenye kazi ya rada.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwua. Tarehe 7 Juni 1942 alikuwa ndani ya ndege aina ya Halifax iliyobeba H2S, rada mpya ya kuonyesha ardhi iliyo chini ya ndege wakati wa usiku au wingu. Injini moja ilishika moto, na ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, mpakani mwa Uingereza na Wales. Watu wote 11 waliokuwamo walikufa, wakiwemo wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Uchunguzi ulionyesha kwamba moto ulitokana na nati ndogo ya vali ambayo haikukazwa barabara. Blumlein alikuwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka 39. Alimwacha Doreen na watoto wawili wa kiume, na hataza 128 kwa jina lake.

Kwa kuwa rada ilikuwa siri kubwa ya vita, msiba huo haukutangazwa kwa mapana, na jina lake likafifia. Sahani za stereo zilipoanza kujaa madukani kuanzia mwaka 1958, zikiwa na mfereji wa kuta mbili kama alivyoeleza, muda wa hataza yake ulikuwa umekwisha, na wanunuzi wengi hawakujua kwamba aliwahi kuwako. Maandiko makubwa ya maisha yake yalitoka mwishoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 2017 ndipo alipotunukiwa Grammy ya mchango wa kiufundi, miaka 75 baada ya kufa.

Sasa turudi kwenye hedifoni. Muziki mwingi tunaosikiliza umetayarishwa kwa spika mbili, kwa kufuata kanuni ya Blumlein kwamba kila sikio litasikia spika zote mbili. Ukivaa hedifoni, kanuni hiyo inavunjika: sikio la kushoto linapata njia ya kushoto tu, la kulia linapata ya kulia tu. Hakuna kivuli cha kichwa, hakuna ukuta unaorudisha mwangwi. Ndiyo maana mwimbaji husikika kana kwamba ameketi katikati ya fuvu lako. Mwaka 1961 Benjamin Bauer, mtafiti nchini Marekani, alieleza dawa yake: chukua sehemu ndogo ya njia ya kushoto, icheleweshe kidogo, ipunguze ile sauti nyembamba, kisha uivujishe kwenye sikio la kulia, na kinyume chake. Msomaji atakumbuka kwamba Blumlein kijana alilipwa mshahara ili azuie uvujaji wa sauti kutoka waya mmoja hadi mwingine. Hapa uvujaji ule ule, ukipimwa vizuri, ndio tiba.

Programu za leo zimeijenga juu ya msingi huo. Mbali na kuvujisha, huipitisha kila sauti kwenye vichujio vinavyoiga namna kichwa na masikio ya nje yanavyoibadilisha sauti itokayo upande fulani, kisha huongeza mwangwi wa chumba. Kwa njia hiyo filamu yenye njia tano au sita za sauti hubanwa ikawa mbili, na bado msikilizaji akaisikia mvua nyuma yake. Tangu mwaka 2020 kampuni ya Apple imeuza hedifoni zinazofuatilia kichwa kinavyogeuka, ili sauti ibaki mahali pake. Mimi siyadharau haya. Ni matumizi bora ya elimu ya usikizi.

Ila mipaka iko. Kwanza, vichujio hivyo kwa kawaida vimepimwa kwa kichwa cha mtu mwingine au cha sanamu, na masikio ya watu hayafanani. Ndiyo sababu mmoja husikia sauti mbele yake, mwingine akaisikia nyuma, wa tatu asione tofauti yoyote. Pili, na hili ndilo zito, programu hugawa mahali kwa kile ilichopewa. Ikiwa rekodi ina njia mbili za kweli, programu inaweza kuzitandaza mbele yako. Ikiwa rekodi ilifanywa kwa maikrofoni moja, mahali pa kila mtu palikwisha kupotea siku ile ile, na hakuna hesabu iwezayo kupakumbuka. Kinachoongezwa hapo ni ukumbi tu.

Niliwahi kuletewa rekodi ya harusi iliyofanyika Nyamira, kazi ya studio moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mwimbaji kiongozi, waitikiaji, akina mama waliopiga vigelegele, wote walikuwa wamebanwa katika njia moja. Tuliipitisha katika programu ya kuiga spika za pande zote. Ghafla harusi ikahamia ndani ya jumba kubwa la zege. Lakini kiongozi hakutengana na waitikiaji wake, na wanawake wawili walioimba kwa kupokezana walibaki mtu mmoja mwenye pumzi ndefu isiyo ya kawaida. Kwa mwanaisimu hiyo si hasara ndogo. Tangu uchunguzi aliouchapisha Colin Cherry mwaka 1953, tunajua kwamba mtu anaweza kufuata sauti moja katikati ya nyingi, na masikio mawili humsaidia sana katika kazi hiyo. Mazungumzo ya wazee yaliyorekodiwa kwa njia mbili yanaweza kuandikwa neno kwa neno hata pale wanapokatizana. Yaliyorekodiwa kwa njia moja humwacha mwandishi akibahatisha, na Ekegusii ni lugha ya toni, ambamo kubahatisha silabi moja kunaweza kubadilisha maana.

Kisha tuifikirie obokano, zeze kubwa la Wagusii, lenye nyuzi nane na lililo kubwa kuliko nyatiti ya majirani zetu Wajaluo. Sauti yake nzito huvuma kutoka kwenye ngozi iliyowambwa, na sauti ya mchezaji aimbaye hutoka juu zaidi, huku wasikilizaji wakiwa wamemzunguka na kumjibu. Sauti nzito hutambulikana inakotoka kwa shida, lakini mdonoo wa vidole kwenye nyuzi na maneno ya mwimbaji hutambulikana vizuri. Uhai wa muziki huo umo katika uhusiano wa mahali hapo pote. Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950 akirekodi, miongoni mwa wengine, majirani zetu Wakipsigis, vifaa vyake vilikuwa vya njia moja, na hakuna wa kumlaumu, maana ndivyo vilivyokuwa vyombo vya wakati wake. Sisi tutajitetea kwa nini, tulio na vyombo ambavyo Blumlein hakuviota?

Najua kuna atakayesema kwamba haya ni anasa ya wasomi. Atasema kwamba vijana wanaosafiri kwa matatu kati ya Kisii na Nyamira hugawana hedifoni moja, huyu sikio la kushoto, yule la kulia, na kila mmoja huridhika na nusu yake. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba redio nyingi za mfukoni zina spika moja, na kwamba wimbo mzuri haupotezi uzuri wake kwa kusikizwa kwa sikio moja. Lakini kusikiliza na kuhifadhi ni kazi mbili tofauti. Anayesikiliza nusu leo anaweza kusikiliza kamili kesho, mradi kamili ipo. Rekodi ya njia mbili hupunguzwa kuwa moja kwa kubonyeza tu. Ya njia moja haiongezwi kuwa mbili kwa nguvu yoyote.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye studio, kwa wanafunzi, na kwa kila mwenye mzee nyumbani ajuaye obokano au nyimbo za kale, ni nyepesi na haihitaji fedha nyingi. Tumieni kinasa chenye maikrofoni mbili, na mhakikishe hakijawekwa kwenye mono. Kiwekeni mahali ambapo msikilizaji mwenye adabu angeketi, kisha mkiache hapo hapo. Andikeni katika daftari nani aliketi wapi. Hifadhini rekodi ya asili kabla ya kuipitisha katika programu yoyote ya kupanua au kupamba, kwa kuwa mapambo ya leo yatachusha kesho. Pelekeni nakala katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu, nasi walimu tuwe tayari kuzipokea na kuzitunza, jambo ambalo hatujalifanya kwa bidii inayostahili.

Rekodi za Blumlein zilikaa kabatini zaidi ya miaka ishirini kabla dunia haijapata vyombo vya kuzisikiliza ipasavyo. Zilipotolewa, kila mtu alikuwa bado mahali pake, kwa sababu aliyezirekodi alijali wapi kila mtu aliposimama. Wajukuu wa Kisii na Nyamira watakuwa na hedifoni bora na programu bora kuliko hizi zetu. Watakachosikia humo kinategemea kile tutakachorekodi sasa, wazee wangali hai.